Kupima vinasaba vya mimba changa: namna ya kuamua ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Siku hizi si ajabu mjamzito wa Mafinga au Uyole kufika kliniki akiwa ameshasikia, kwa wifi yake aliyeko Dar au kwenye video ya simu, kwamba kuna kipimo cha damu kinachoonyesha mapema kama mtoto ana hitilafu ya vinasaba. Anauliza swali moja tu: "Na mimi nipime?" Nesi mwenye benchi zima la akina mama wanaomsubiri hawezi kulijibu kwa utulivu. Mwongozo huu umeandikwa ili mama huyo na mwenzake walifikirie wenyewe nyumbani, halafu waende kwa daktari wakijua wanataka nini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kipimo chenyewe ni kizuri, ila kwa wengi wetu huku si cha kwanza kwenye foleni. Kuna vitu vya bei ndogo vinavyokitangulia, na kuna mazungumzo ya kufanya kabla ya sindano. Anayeviruka hivyo hununua wasiwasi kwa malaki ya shilingi.

Hatua ya 1: Jua mimba ina wiki ngapi

Kila kipimo kina muda wake. Kile cha damu ya mama, ambacho maabara hukiita NIPT, hufanyika kuanzia wiki ya 10. Ultrasaundi ya kupima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, ikiambatana na kipimo cha homoni kwenye damu, ni kati ya wiki ya 11 na wiki ya 13 na siku 6. Ultrasaundi ya kukagua viungo vyote ni wiki ya 18 hadi ya 22. Na wiki zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho.

Hapo ndipo wengi hukwama. Aliyekuwa kwenye sindano za uzazi wa mpango anaweza kukaa miezi bila kuona siku zake hata baada ya kuziacha, na anayenyonyesha ni vivyo hivyo. Mwingine anakumbuka tu kwamba ilikuwa wakati wa kupanda mahindi. Dawa yake ni ultrasaundi ya mapema, kabla ya wiki ya 14. Mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi makalioni, na umri wa mimba hupatikana kwa tofauti ya siku tano hadi saba tu. Papo hapo utajua kama mimba imekaa ndani ya mfuko wa uzazi, kama moyo unapiga, na kama ni pacha. Kwa hili huna haja ya safari ya Dar. Mashine zipo hospitali za rufaa za mikoa, hospitali nyingi za wilaya, na zile za misheni ambazo watu wa huku wamezizoea, kama Ikonda kule Makete au Ilembula.

Desturi ya kuificha mimba mpaka tumbo lijionyeshe lenyewe naielewa, lakini hapa ina gharama: anayeanza kliniki mwezi wa tano ameshapitwa na ultrasaundi zote za mwanzo. Kliniki unaweza kwenda kimyakimya, mtaa usijue.

Hatua ya 2: Tangulizeni selimundu na foliki asidi

Kama kuna ugonjwa mmoja wa kurithi ambao Mtanzania anatakiwa kuufikiria kabla ya mengine yote, ni selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita. Nchi yetu imo kwenye orodha ya zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa nao. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni watoto 11,000 kwa mwaka. Huku milimani wanaobeba jeni yake ni wachache kuliko Pwani na Kanda ya Ziwa, kwa kuwa jeni hiyo ilishamiri palipo na malaria, na baridi ya Njombe haikumpenda mbu. Lakini Kyela ni joto, bonde la Usangu ni joto, na siku hizi nani anaoa kijijini kwao peke yake? Binti wa Kibena ameolewa na kijana wa Mwanza, wanaishi Makambako.

Uzuri wake ni kwamba hapa mnapimwa ninyi wawili, mtoto aachwe alale. Mwenye AS, yaani aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, ni mzima, anafanya kazi zake na huenda asijue maisha yake yote. Wote wawili mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa na SS, yaani ugonjwa wenyewe. Mmoja wenu akiwa AA, yaani hana jeni hiyo kabisa, hakuna mtoto wenu atakayekuwa SS, na habari inaishia hapo. Ombeni kipimo kinachoitwa elektroforesisi ya himoglobini, kwa sababu kile cha haraka cha kuangalia seli zinavyojikunja hakitenganishi AS na SS. Na mjue kabisa: NIPT ya kawaida haitafuti selimundu. Watu wanalipa wakidhani imo ndani.

Mkigundua kwamba wote ni AS, mtoto apimwe mara tu baada ya kuzaliwa ili aanzishiwe penisilini na chanjo mapema, na hidroksiyurea daktari atakapoona wakati umefika. Hayo huokoa maisha, na hayasubiri teknolojia ya ng'ambo.

Pili ni mgongo wazi na kichwa kikubwa. Mrija wa uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, mara nyingi mama hajajua hata kama ana mimba. Foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12, hupunguza hatari hiyo. Tangu 2011 unga wa viwanda vikubwa unatakiwa kuongezwa virutubisho, foliki asidi ikiwemo. Sasa sisi wa mikoa ya mahindi tunakula nini? Dona ya debe letu wenyewe, iliyosagwa mashine ya mtaani, isiyoongezwa kitu. Kwa hiyo kidonge ni cha lazima huku pengine kuliko mjini Dar. Duka la dawa lolote wanacho, na bei yake haitishi.

Mama anayetumia ARV zenye dolutegravir huenda alisikia ile hofu ya 2018 kuhusu mgongo wazi. Takwimu zilizofuata ziliipunguza sana, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo hata kwa wajawazito. Usiache dozi.

Hatua ya 3: Elewa kipimo kinatafuta nini

Mwaka 1997 mtafiti Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba kwenye damu ya mjamzito huelea vipande vya vinasaba vinavyotoka upande wa mtoto. Baadaye ikaeleweka kwamba hasa vinatoka kwenye kondo la nyuma, na hilo likumbuke maana litarudi kwenye majibu. Mwaka 2011 kipimo kikaanza kuuzwa Marekani. Unatolewa damu mkononi kama ya kupima wingi wa damu, na mtoto haguswi. Maabara inahesabu vipande vya kila kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Vya kromosomu 21 vikizidi, inashukiwa sindromu ya Down, yaani mtoto ana kromosomu 21 tatu badala ya mbili. Vya 18 vikizidi ni sindromu ya Edwards, vya 13 ni ya Patau.

Ni chekeche. Linatenga mimba za kutazamwa zaidi na zile za kuachwa ziendelee, na katika kutenga huko punje nzima kadhaa hubaki upande wa chuya.

Orodha ya yasiyoonekana ni ndefu kuliko ya yanayoonekana: usonji, matundu ya moyo, mdomo sungura, mgongo wazi, uziwi, selimundu niliyoitaja, na mtindio wa ubongo, ambao unaweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Jinsia huonekana, na nadhani nusu ya umaarufu wa kipimo hiki unatoka hapo. Kama unataka kujua jinsia tu, subiri ultrasaundi ya wiki ya 20 ununue nepi kwa hela iliyobaki.

Ile ultrasaundi ya shingo ni kazi ya mkono uliofundishwa. Mtaalamu anamngoja mtoto alale kiubavu, kidevu kisibane kifua, anaisimamisha picha, kisha anaweka visalaba viwili vidogo kwenye kingo za ule weusi ulio nyuma ya shingo. Anachotafuta ni tofauti ya sehemu za kumi za milimita, kwa mtoto mwenyewe wa milimita 45 hadi 84. Mtoto akikataa kugeuka, mama anaambiwa akohoe, atembee nje kidogo, arudi. Kama mtaalamu amemaliza kwa dakika mbili na kuandika "shingo iko sawa" bila namba, hicho si kipimo tunachokizungumzia.

Ikifanywa vizuri pamoja na homoni za damu, inanasa mimba 85 hadi 90 katika kila 100 zenye sindromu ya Down, na wakati huohuo inawatia hofu ya bure takriban wanawake 5 katika 100 wasio na tatizo. NIPT inanasa karibu 99 katika 100, na hofu ya bure ni kama 1 katika 1,000.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umri wako

Uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye sindromu ya Down ni takriban 1 kati ya 1,500 mama akiwa na miaka 20, 1 kati ya 900 akiwa na 30, 1 kati ya 350 akiwa na 35, 1 kati ya 100 akiwa na 40, na 1 kati ya 30 akiwa na 45. Hata hivyo watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa hao ndio wanaozaa zaidi.

Sasa ile "asilimia 99" ya kwenye tangazo. Chukua kalamu. Wanawake 10,000 wa miaka 25, na kwa hesabu nyepesi tuseme uwezekano wao ni 1 kati ya 1,000: mimba 10 zina sindromu ya Down, na kipimo kinazinasa karibu zote. Kati ya waliobaki 9,990, hofu ya bure ya 1 katika 1,000 inaleta wengine 10. Walioambiwa "hatari kubwa" ni 20, na wenye tatizo kweli ni 10. Nusu kwa nusu! Rudia kwa wanawake 10,000 wa miaka 40: mimba 100 zina tatizo, zinanaswa 99, hofu ya bure ni 10. Hapo kati ya 109 walioitwa, 99 ni kweli, yaani kama 9 katika 10. Karatasi ya majibu ni ileile, maana yake ni mbili tofauti kabisa. Kwa Edwards na Patau, ambazo ni adimu zaidi, sehemu ya hofu ya bure huwa kubwa zaidi.

Kipimo kinakuwa na uzito zaidi kama umepita miaka 35, kama uliwahi kupata mtoto mwenye hitilafu ya kromosomu, au kama ultrasaundi imeona jambo. Binti wa miaka 23 mwenye afya na mimba ya kwanza anaweza kukiacha bila kujilaumu.

Hatua ya 5: Jibuni "tukiambiwa ndiyo, tutafanya nini?"

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ifanyeni jioni watoto wakishalala, ninyi wawili, simu zikiwa mbali.

Wapo watakaosema: tunataka kujua ili tujiandae. Hiyo ni sababu nzuri na ina kazi zake. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na hitilafu ya moyo, na upasuaji wa moyo kwa watoto hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Anayejua mapema anapanga kujifungulia hospitali yenye daktari wa watoto, anashughulikia bima na barua ya rufaa, anaweka nauli. Mtoto mwenyewe atachelewa kukaa, kutembea na kusema, lakini atacheka, ataenda shule akipata walimu wanaomwelewa, na kwenye nchi zenye huduma nzuri wengi wao hufika miaka 60. Edwards na Patau ni habari nyingine: watoto wengi hufariki kabla ya kuzaliwa au ndani ya mwaka wa kwanza, na kuna wazazi wanaotaka kujua ili wajadiliane na daktari mapema namna ya kujifungua na ya kukaa na mtoto wao kwa muda uliopo.

Wengine watasema: hata tukiambiwa ndiyo, hakuna tutakachobadilisha, na mimi nitakosa usingizi miezi sita. Hilo pia ni jibu kamili. Msipime.

Na wapo wanaowaza kuitoa mimba. Ni heri kulisema wazi kuliko kulinong'ona. Sheria ya Tanzania, Kanuni ya Adhabu Sura ya 16, vifungu vya 150 hadi 152, inafanya kutoa mimba kuwa kosa kwa anayetoa, kwa mama mwenyewe na kwa anayeleta dawa au kifaa. Kinga iliyopo, kifungu cha 230, ni pale daktari anapookoa uhai wa mama. Hali ya mtoto haimo. Anayekuambia "kuna mtu anafanya hapo nyuma ya soko" anakuita kwenye maambukizi na damu isiyokatika. Kama hili ndilo lililokuwa kichwani, liingizeni kwenye hesabu sasa, kabla ya kulipa.

Ukoo nao utakuwa na la kusema. Mama mkwe atasema, "Mwanangu, mimi nimezaa saba sijapimwa vinasaba." Hakosei, na hakuna haja ya kubishana naye, mwambie, "Ni kweli mama, hili tumeshauriana na daktari," kisha mpishie chai. Kwa Wanyakyusa wanaofuata desturi ya zamani, mkamwana haongei uso kwa uso na baba mkwe, kwa hiyo ni mume atakayebeba maneno kwa wazee, na inabidi ayabebe mkiwa mmekubaliana. Asiwepo wa kukulazimisha kupima wala wa kukukataza. Mkono unaochomwa ni wako.

Na likija la "huyu amerogwa" au "mama alikula nini", jibu lipo. Kromosomu ya ziada hutokea kwa bahati tu yai au mbegu inapojigawa, na katika visa kama 95 kati ya 100 vya sindromu ya Down hakuna aliyerithi kwa mwingine. Ukoo wa mama haukuleta, wa baba haukuleta.

Hatua ya 6: Kabla ya kutoa hela

Zahanati na kituo cha afya hawana kipimo hiki. Utakipata kupitia hospitali kubwa au maabara binafsi inayochukua damu na kuisafirisha. Uliza bei yote, ikiwemo ya kurudia kipimo kikishindikana. Uliza majibu yanachukua siku ngapi, na ni nani atakaa na wewe kukueleza. Karatasi ya rangirangi kwenye WhatsApp haitoshi. Bima nayo: pata jibu lao kwa maandishi, usitegemee "nadhani inalipa" ya dirishani.

Kisha uliza chupa. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa maalumu inayoihifadhi kwenye joto la kawaida, baadhi hadi siku 14. Ikiwekwa kwenye ile ya kawaida yenye kifuniko cha zambarau, inatakiwa kushughulikiwa ndani ya saa chache, la sivyo seli za mama zinapasuka na vinasaba vyake vinavifunika vya mtoto. Ukisikia damu yako itakaa kwenye chupa ya zambarau kungoja basi la kesho la Dar, shusha mkono wa gauni uondoke.

Soma fomu ya ridhaa kabla ya kusaini. Vinasaba vya binadamu hapa nchini vina sheria yake ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kuuliza kama maabara ina kibali na kama damu yako itatumika kwenye utafiti si ukorofi.

Na kama hela ya kipimo ndiyo ileile mliyoitunza kwa ajili ya gari la usiku na dharura ya kujifungua, iacheni hukohuko. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 7: Majibu yakirudi

"Hatari ndogo" maana yake uwezekano umeshuka sana, ingawa haujafika sifuri. Endelea na kliniki.

"Hakuna jibu" hutokea kwa wachache: vinasaba vya kondo havikutosha, mara nyingi chini ya asilimia 4, kwa sababu mimba ilikuwa changa mno au mama ana uzito mkubwa. Kipimo kinarudiwa. Kikigoma mara ya pili, mwone daktari bingwa wa uzazi, kwani kushindikana mara kwa mara kwenyewe ni dalili ya kufuatilia.

Jibu la ultrasaundi ya shingo huja kama uwiano, mfano 1:240. Watu huona 240 wakashtuka. Lisome hivi: wanawake 240 wenye majibu kama yako, mmoja mtoto wake ana tatizo, 239 hawana.

"Hatari kubwa" kwenye NIPT bado ni shaka. Pengine hitilafu iko kwenye kondo tu na mtoto ni mzima, au kulikuwa na pacha aliyepotea mapema. Uthibitisho ni kuvuta kwa sindano ya tumboni kiasi kidogo cha maji yanayomzunguka mtoto kwenye chupa ya uzazi, ultrasaundi ikiongoza, kuanzia wiki ya 15. Hatari ya mimba kutoka kwa sababu ya sindano hiyo, mikononi mwa mzoefu, ni chini ya 1 kati ya 100. Omba rufaa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kitengo cha wazazi cha Meta, waeleze kama itafanyika hapo au uende Muhimbili. Kama kundi lako la damu ni hasi, liseme mapema ili uchomwe sindano ya kinga baada ya kipimo.

Kuna la huku kwetu hasa. Njombe, Iringa na Mbeya zimo kwenye mikoa inayoongoza nchini kwa VVU. Kipimo cha damu hakimhatarishi mtoto kwa lolote. Sindano ya tumboni ni tofauti: inasubiri mama awe kwenye dawa na wingi wa virusi uwe umeshuka hadi kutoonekana. Mwambie daktari hali yako hata kama aliyekusindikiza haijui. Una haki ya kuomba mbaki wawili chumbani.

Ukikataa sindano ya tumboni, si kwamba umekwama. Mimba inahesabiwa kuwa ya kushukiwa, unafanya ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22 kwa umakini zaidi hasa kwenye moyo, na mtoto anapimwa damu baada ya kuzaliwa.

Hatua ya 8: Ukiamua kutopima

Bado una kazi. Ultrasaundi ya viungo usiiache. Presha, sukari, wingi wa damu, VVU na kaswende vipimwe kila inapotakiwa, maana hivyo vinaua akina mama na watoto huku kila mwaka. Siku ya kujifungua mwombe mkunga au daktari amkague mtoto mwili mzima na kumsikiliza moyo kabla hujaruhusiwa. Kichanga akiwa mlegevu kupita kawaida, akichoka na kutoka jasho anaponyonya, au midomo ikiwa na rangi ya bluu, rudi naye hospitali siku hiyohiyo, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.